Kutengeneza filamu fupi ya vichekesho vya vituko kwa mbinu za miaka ya mwanzo ya sauti, 1929–1935: mwongozo kamili

Mei 1929 studio ya Hal Roach iliyokuwa Culver City, California, ilitoa Unaccustomed As We Are, filamu fupi ya kwanza ya wachekeshaji wawili Stan Laurel na Oliver Hardy kuwa na mazungumzo. Mwishoni Laurel anatoka nje ya picha, kisha tunasikia kishindo cha mtu anayeporomoka ngazini. Kamera haimfuati. Inabaki kwa Hardy, na uso wake ndio unaotuonyesha jinsi mwenzake alivyoumia. Anayetaka kujifunza vichekesho vya namna hii aanzie hapo: kitendo kimesikika bila kuonekana, na kicheko kimetoka usoni mwa anayeshuhudia.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza filamu ya dakika 8 hadi 10 kwa simu nzuri au kamera ndogo, ukiwa na waigizaji wawili au watatu na wasaidizi wanne. Mbinu ni za Roach, na kidogo za studio ya Columbia, ambako Three Stooges, kundi la wachekeshaji watatu, walianza mwaka 1934. Urefu huo haukuchaguliwa ovyo. Rili moja (gurudumu moja la utepe) ya filamu ya milimita 35 ilikuwa na futi 1,000, na kwa kasi ya sauti ya fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde huchukua dakika 11 hivi. Filamu fupi nyingi za wakati huo zilikuwa za rili mbili, yaani dakika 20. Anza na rili moja. Dakika 20 za vituko zinahitaji matayarisho ambayo kikundi kipya hakina.

Kuangalia kabla ya kushika kamera

Chagua filamu hizi: Hog Wild (1930), The Music Box (1932), Towed in a Hole (1932) na Busy Bodies (1933) za Laurel na Hardy, The Dentist (1932) ya W. C. Fields, iliyotengenezwa na Mack Sennett. Na Men in Black (1934) ya Three Stooges. Za 1929 ni tamu kuziona, lakini usijifunzie kamera humo. Kamera za mwaka ule zilikuwa na kelele, zikafungiwa ndani ya vibanda vya kuzuia sauti, na maikrofoni zilifichwa mahali pamoja. Ndiyo maana watu wanaonekana wamegandishwa. Kufikia 1932 kamera ilikuwa imeanza kutembea tena na maikrofoni ilining'inizwa juu ya waigizaji.

Tafuta nakala ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo picha yake inakaribia mraba. Nakala zilizotanuliwa kujaza skrini pana za leo zimekata miguu au vichwa, na katika vichekesho hivi miguu ni nusu ya uigizaji. Jihadhari pia na nakala za marudio: Perfect Day (1929) na Brats (1930) zilitolewa upya mwaka 1937 zikiwa zimeongezewa muziki. Ukisikiliza nakala hizo utadhani muziki ulikuwapo tangu mwanzo, nawe hutajua jinsi ukimya ulivyotumika.

Angalia kila filamu mara tatu. Ya kwanza, cheka. Ya pili, zima sauti, shika saa, andika kila tukio na sekunde zake: maandalizi, kishindo, kutazamana. Ya tatu, ipe skrini mgongo usikilize tu. Hapo ndipo utagundua, katika The Music Box, kwamba piano iliyofungwa ndani ya sanduku la mbao inalia nota zake kila inapogonga kidato. Sanduku lile lina sauti yake, na ndiyo maana ni mhusika wa tatu. Hesabu zako zitakuonyesha pia jambo ambalo wengi wanaoiga enzi hii hawalioni: hawa watu ni wa polepole. Sinema ya kimya ilikimbia. Laurel na Hardy walipopata sauti walipunguza mwendo, wakakaa na kila ajali mpaka hadhira imemaliza kuicheka.

Kazi moja, zuio moja

Usiandike hadithi yenye mambo mengi. Kila filamu bora ya kundi hili ina kazi moja ambayo mtu yeyote angeimaliza kwa nusu saa. Hog Wild: kufunga antena ya redio juu ya paa. Towed in a Hole: kukarabati mashua kuukuu ili wauza samaki wavue samaki wao wenyewe. The Music Box: kupandisha piano kwenye ngazi ndefu, ambazo zipo hadi leo Los Angeles, Mtaa wa Vendome, na zina vidato 133. Filamu hiyo ndiyo iliyopata Tuzo ya kwanza ya Academy kwa filamu fupi ya vichekesho.

Kwa filamu yako chagua kazi inayotimiza masharti matatu. Mtazamaji aielewe kwa sekunde kumi bila kuelezwa. Iwe na kitu kizito, kirefu, au chenye maji. Na iwe na mahali pa juu na pa chini, kwa sababu kuanguka kunahitaji kimo. Kupandisha godoro ghorofani, kupaka rangi dari, kubadilisha tangi la maji: zote zinafaa. Kufungua akaunti benki haifai, maana hakuna cha kuanguka.

Kisha panga ngazi ya matatizo. Andika matukio 12 kwenye kadi, kila kadi kitendo kimoja, halafu yapange kutoka dogo hadi kubwa. Bakiza 7 au 8. Kila tukio lizaliwe na lile lililotangulia: maji yaliyomwagika katika kadi ya pili ndiyo yanayomtelezesha mtu katika ya nne. Ajali isiyo na chanzo huchekesha mara moja tu. Ajali tunayoiona inakuja huchekesha mara tatu: tunapoiona, inapotokea, na mtu anapoitazama baadaye.

Angalia jinsi The Music Box inavyomaliza ngazi zake. Wamekwisha kufika juu na piano, hoi, ndipo tarishi anawaambia kwamba kuna barabara ya gari inayozunguka hadi pale. Wanafanya nini? Wanaishusha piano mpaka chini, wanaipakia kwenye mkokoteni, wanapanda nayo kwa barabara. Hilo ni tukio bora kuliko ajali yoyote ya filamu nzima, na limetokana na tabia zao. Wanaamini kwamba kazi ni lazima ifanywe kwa njia iliyo sahihi. Tafuta angalau tukio moja la namna hiyo, ambapo wahusika wenyewe, kwa akili zao timamu, wanachagua lililo baya zaidi.

Mazungumzo yaandike mwisho, na yawe machache. Katika studio ya Roach muswada ulieleza vitendo, na maneno mengi yalipatikana wakati wa kupiga picha. Kipimo kizuri ni mistari isiyozidi 40 kwa dakika 10. Kazi ya maneno ni mbili: kutoa amri ambayo itafuatwa vibaya, na kulaumu.

Kuhusu kulipizana kisasi. Mbinu hii Roach aliirithi kutoka filamu zake za kimya, na iliendelea mpaka Tit for Tat (1935). Mtu anamwagia mwenzake rangi. Mwenzake hajitetei, hakimbii, hapigi kelele. Anasimama, anajitazama, anafikiri, kisha anachukua mkasi na kukata tai ya yule wa kwanza, naye anasimama anatazama tai yake ikikatwa. Kila mmoja anampa mwingine zamu yake kamili. Zamu ikiingiliwa, kichekesho kinageuka kuwa ugomvi wa kawaida.

Wawili tofauti, mavazi matatu

Watofautishe kwa mwili na kwa kasi ya kufikiri. Mmoja anaamini kwamba anajua. Mwingine hajui, wala hajui kwamba hajui. Huyu wa pili achelewe kuitikia kila kitu kwa sekunde mbili. Yule wa kwanza ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kiburi kinapoanguka huanguka kwa kishindo. Mpe yeye peke yake ruhusa ya kutazama ndani ya lenzi, kama Hardy, na asizidi mara nne katika filamu nzima.

Kila mwigizaji awe na seti tatu za nguo zinazofanana. Ya kwanza kavu, ya pili ya kuchafuliwa, ya tatu ya akiba. Suruali iwe pana nambari moja zaidi, ili sponji ya kinga ikae nyongani na magotini bila kuonekana. Kofia ni lazima: inaanguka, inaokotwa, inavaliwa na asiye mwenyewe, nayo inaonyesha mtikisiko wa kichwa hata pigo likiwa jepesi.

Kamera

Weka fremu 24 kwa sekunde tangu mwanzo, na usichanganye na 30. Kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde. Kwa nchi zenye umeme wa hezi 50, kama Tanzania na Kenya, hii huzuia taa za ndani zisipepese. Picha itakatwa kuwa 1.37 kwa 1, umbo lililozoeleka Hollywood kuanzia 1932. Ukirekodi 1920 kwa 1080, katikati tumia 1480 kwa 1080. Bandika vipande viwili vya karatasi kwenye kioo cha kamera kuonyesha mipaka hiyo, la sivyo mtu atajikuta nje ya picha baadaye.

Picha ya msingi ni ya mwili mzima, unyayo hadi kofia, na nafasi ya kiganja kimoja juu na chini. Kamera iwe kwenye tripodi, kimo cha kifua, mita 4 hadi 5 kutoka kwa waigizaji. Lenzi pana mno hunyoosha miguu ya aliye pembeni na kufanya umbali uonekane mkubwa kuliko ulivyo, na pigo linapoteza uzito. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, ile isiyo pana. Usimamishe simu wima: mwili mmoja utaenea, wawili na ngazi hawataenea.

Kila tukio lipigwe namna tatu: picha ya mwili mzima bila kukata, picha ya kifua ya anayeumia, na picha ya kifua ya anayeshuhudia. Kisha, kabla ya kuhama mahali hapo, rekodi kila uso kwa sekunde 10 ukiwa unatazama tu: kushangaa, kuchoka, kukubali. Nyuso hizi za akiba ndizo zitakazookoa uhariri. Kikundi kinachozisahau kawaida hulazimika kurudi, na jua halitakuwa mahali palepale.

Piga picha kwa mpangilio wa hadithi, kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho, kadiri inavyowezekana. Laurel na Hardy walifanya hivyo. Sababu moja ni ya uigizaji: uchovu unakua kwa ukweli. Nyingine ni ya kawaida kabisa: ukuta uliomwagiwa rangi haurudi kuwa safi, na nguo iliyolowa haikauki kwa dakika tano.

Kuongeza kasi kunaruhusiwa, lakini kwa kiasi. Wakati wa kimya kamera ilizungushwa polepole ili mwendo uonekane wa haraka. Sauti ilipoingia hilo liliwezekana tu pasipo mazungumzo. Wewe ongeza asilimia 10 hadi 20 kwa mtu anayekimbia au gari linaloondoka. Ukizidisha, uzito wa mwili unapotea, na mtu asiye na uzito hawezi kuanguka.

Makofi, maanguko na keki

Hapa hakuna cha kubahatisha. Fanyeni mazoezi ya kila pigo mara kumi kwa mwendo wa pole, mara kumi nusu mwendo, ndipo mrekodi. Mmoja wa wasaidizi kazi yake iwe moja tu: kusema "simama".

*Kofi.* Kamera iwe nyuma ya bega la anayepigwa au nyuma ya anayepiga, isiwe pembeni yao, kwa sababu pembeni nafasi kati ya kiganja na shavu inaonekana. Kiganja kipite sentimita 15 mbele ya uso. Anayepigwa ndiye anayeongoza: yeye hutoa ishara kwa macho kwamba yuko tayari, na kichwa chake hugeuka wakati kiganja kinapita, si baada. Usirekodi mlio wa kofi pale; utawekwa baadaye.

*Vidole machoni.* Moe Howard wa Three Stooges alilenga mfupa wa juu ya macho, kwenye nyusi. Nawe fanya hivyo, tena usiguse kabisa: vidole visimame sentimita 5 kabla, kamera iwe upande wa mgongo wa anayepigwa, na yeye ajirushe nyuma. Kama filamu itaonwa na watoto, tunashauri uache kitendo hiki kabisa. Kinaigwa, na jicho halina akiba.

*Kuanguka.* Njia salama kuliko zote ndiyo ya Roach: mtu anaanguka chini ya mpaka wa picha. Picha ya kiuno, godoro la sentimita 10 liko chini ambako kamera haioni, anatoweka, tunasikia. Kwa kuanguka kunakoonekana mwili mzima, tandika mkeka wa sponji wa sentimita 3 chini ya zulia, na atue kwa paja na tako la upande mmoja huku mkono ulionyooka ukipiga sakafu bapa. Asitue kwa kifandugu, wala asijizuie kwa kiganja kilichokunjwa nyuma. Kifundo cha mkono ndicho kinachovunjika mara nyingi. Kidevu kikae karibu na kifua ili kisogo kisiguse chini. Mwanzo wa kuanguka uwe wazi: miguu iende mbele kwanza, kofia ibaki hewani, mwili ufuate.

*Kutumbukia majini.* Katika Hog Wild, Hardy anaporomoka kutoka paani na kuishia kwenye bwawa la bustani, tena zaidi ya mara moja. Siri ya kulirudia tukio kama hilo ni kwamba paa na bwawa ni picha mbili. Katika ya kwanza anatoka kwa upande wa chini wa picha. Katika ya pili anaingia majini akitokea kwenye benchi la mita moja lililo nje ya picha. Maji yawe na kina cha kiuno na chini pawe pamekaguliwa kwa mikono, si kwa macho. Asiingie kwa kichwa.

*Keki ya kurushia.* Povu la kunyolea linawasha macho na pua, liache. Pika gramu 100 za wanga wa mahindi katika lita 1 ya maji, ukikoroga mpaka uwe mzito na wa kung'aa, uache upoe kabisa. Lita moja inatosha sahani tatu za karatasi laini za sentimita 22. Uji huu hushikamana usoni, kisha hudondoka kwa mabonge, na ndiko kudondoka kunakochekesha. Rangi ichague kwa kupingana na uso na nguo: kwa picha nyeusi na nyeupe, uji mweupe kwenye shati jeupe hauonekani. Umbali wa kurusha ni mita 1.5 hadi 2, sahani ikiwa bapa, kamwe isitangulie ukingo. Mpokeaji avute pumzi, afumbe macho na mdomo, na ahesabu tatu kabla ya kufuta macho. Wali nao unafaa. Katika The Hoose-Gow (1929) wali unatiwa kwenye rejeta ya gari linalovuja, na mwisho wake ni vita ya wali. Pika kwa maji mengi, vikombe 3 kwa kikombe 1 cha mchele, upoe. Wali mkavu hutawanyika hewani wala haugandi mtu usoni.

*Kioo cha kuvunjika.* Sukari gramu 400, maji mililita 240, glukosi ya maji mililita 120. Chemsha hadi nyuzi 150 za Selsiasi, mimina kwenye sinia ya sentimita 30 kwa 30 iliyotandikwa karatasi ya kuokea. Unapata kidirisha cha unene wa milimita 4 hivi. Chini ya nyuzi 145 kinapinda badala ya kuvunjika; juu ya 160 kinageuka kahawia. Kwenye unyevu wa pwani kinaanza kunata baada ya saa chache, kwa hiyo kitengeneze asubuhi ya siku ya kazi na ukifunge kwenye plastiki. Vipande vyake vina makali, kwa hiyo ni vya kuvunjia sakafuni, si kichwani pa mtu.

Sauti mahali pa kupigia

Maneno yarekodi kwa maikrofoni iliyo kwenye fimbo ndefu, juu ya waigizaji, sentimita 60 hadi 80 kutoka kinywani. Ya kubana kwenye nguo haifai: itasuguliwa na sponji na itakufa ikilowa. Piga makofi mbele ya kamera mwanzoni mwa kila picha ili sauti na picha zioanishwe baadaye. Rekodi pia dakika moja ya utulivu wa kila mahali, hakuna anayesogea. Utaihitaji. Ukimya katika filamu hizi si utupu: ni sauti ya chumba ambamo jambo baya limetokea sasa hivi.

Kutengeneza milio

Hii ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote, nayo ndiyo inayofanyiwa haraka na wengi. Usichukue milio iliyopakiwa mtandaoni. Imetumika mno, hadhira inaijua. Itengeneze.

Rekodi chumbani penye mapazia au magodoro, maikrofoni sentimita 40, kilohezi 48 na biti 24, kilele cha sauti kikiwa desibeli −6. Kila mlio mara tano, kwa nguvu tofauti.

Pigo la tumbo ni ngoma kubwa iliyofunikwa kitambaa, ikipigwa mara moja. Kichwa ni kifuu cha nazi kikigongwa na kipande cha mti mkavu. Kusokota sikio, ambako Columbia walikuwekea mlio wa gurudumu la meno linalokwaruza, utakupata kwa frii ya baiskeli: zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, meno yahesabike. Vidole machoni ni uzi wa gitaa au fidla uliochomolewa kwa kidole na kuzimwa papo hapo. Sufuria ni sufuria, lakini ining'inizwe kwa kamba, kwa maana iliyoshikwa mkononi haina mwangwi. Kofi ni viganja viwili vilivyokunjwa kidogo, kimoja kikiwa na unyevu. Mbao zinazovunjika ni vijiti vikavu vikivunjwa pamoja na karoti.

Kishindo kikubwa kinahitaji debe. Chukua debe la lita 20, tia vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika, misumari, vipande viwili vya bati na mawe matatu ya ukubwa wa yai, funga mdomo kwa mkanda imara. Ukiligeuza ghafla unapata ajali nzima. Ukilizungusha polepole unapata kitu kinachoporomoka.

Sasa, mpangilio. Kishindo kizuri cha nje ya picha kina vipande vitatu. Kwanza mlio mmoja wa kuanzia, mfupi: mguu umeteleza, kamba imekatika. Pili mporomoko wenyewe, sekunde 2 hadi 4, ukiongezeka. Kisha ukimya wa sekunde moja na nusu. Tatu, kitu kimoja kidogo kinachochelewa: mfuniko unaozunguka sakafuni mpaka utulie, au tufali la mwisho. Kicheko kikubwa hutoka hapo. Usiweke vitu viwili vya kuchelewa. Cha pili hufuta cha kwanza.

Uhariri

Weka mlio kwenye fremu ileile kichwa kinapoanza kugeuka, au fremu moja baadaye. Sauti ikitangulia picha, hata kwa fremu mbili, jicho linagundua uongo. Ikichelewa kwa fremu moja hakuna anayejua. Pigo lenyewe ni fremu 3 au 4. Kabla yake acha nusu sekunde mpaka sekunde moja ya kutishia. Baada yake, usikate. Hesabu fremu 24 kamili kwenye picha ya mwili mzima, ndipo uende kwenye uso wa anayeshuhudia, na hapo kaa sekunde 2 hadi 3.

Mpaka hapa unafanya kazi kwa kukisia. Studio ya Roach haikukisia: filamu zilionyeshwa kwa watu kabla ya kutolewa, kisha zikakatwa upya kulingana na mahali na urefu wa kicheko. Fanya vivyo hivyo. Kusanya watu 15 wasiohusika na filamu, waonyeshe pamoja chumbani. Weka mlio mfupi wa kuanzia sekunde tano kabla ya filamu, na uache simu ikirekodi sauti ya chumba tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu ingiza rekodi hiyo kwenye programu ya uhariri, ioanishe kwa ule mlio, na utaona vicheko vyako vimelala chini ya picha kama mawimbi.

Sasa pitia moja moja. Kicheko kimefunika neno linalohitajika? Ongeza uso wa akiba mpaka kicheko kishuke nusu, ndipo neno lije. Ulitegemea kicheko hakikuja? Mara nyingi kosa haliko hapo, liko sekunde 10 nyuma: hadhira haikuona ndoo, haikujua kwamba ngazi imelegea. Rudi uonyeshe kitu hicho mapema, kwa sekunde mbili, peke yake. Wamecheka mahali usipotarajia? Usipaguse. Onyesha tena kwa watu wengine, si walewale, kwa kuwa walioona wanacheka kwa kumbukumbu.

Jambo moja linalokera: filamu ikionwa na mtu mmoja kwenye simu, nafasi ulizoacha kwa vicheko vya chumba zitaonekana ndefu. Ukijua kwamba wengi wataiona hivyo, punguza kila nafasi kwa theluthi, na weka nakala mbili.

Mwisho wa sauti: mazungumzo yakae wastani wa desibeli −18, mapigo yafike −6, kilele cha filamu nzima kisivuke −1. Ukitaka ladha ya wakati ule, geuza sauti yote kuwa ya njia moja, kisha chuja chini ya hezi 100 na juu ya hezi 6,000. Usiongeze mikwaruzo. Watazamaji wa 1932 hawakusikia mikwaruzo ya nakala kuukuu. Walisikia filamu mpya.

Muziki

Wimbo wa utambulisho wa Laurel na Hardy ulitungwa na Marvin Hatley, na muziki mwingi wa chini ya matukio katika filamu za Roach za kuanzia 1930 ni wa LeRoy Shield. Ni vipande vifupi, vyepesi, vya mwendo wa kutembea, vilivyotumika tena na tena katika filamu tofauti bila kufuata kila kitendo. Muziki ule hauchekeshi wala hauonyi. Unaendelea tu, kana kwamba siku ni nzuri. Tunga vyako, kwa kinanda, gitaa na kilarineti ikipatikana, vipande vitatu vya dakika moja na nusu kila kimoja, mapigo 110 hadi 120 kwa dakika. Usinakili vya kale, kwa kuwa filamu kuingia mikononi mwa umma (hakimiliki yake kwisha) haina maana kwamba muziki wake nao umeingia.

Muziki uwe chini ya mazungumzo kwa desibeli 12. Uzime sekunde mbili kabla ya kila ajali kubwa, katikati ya kishazi, bila kuushusha taratibu. Uache ukimya, kishindo, ukimya wa pili, na kile kitu kidogo kinachochelewa. Uanze tena pale mhusika anapookota kofia yake na kurudi kazini.